Jibu: Jinsi mtoto wa Duvalier alivyorithishwa Haiti

Ndugu, umeuliza kijana wa miaka 19 alirithi vipi urais wa Haiti na jeshi likanyamaza. Jeshi lilikuwa limeshang'olewa meno zamani. Baba yake, François Duvalier, daktari aliyejipatia jina kwa kutibu buba vijijini, aliingia madarakani 1957 kwa uchaguzi. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1958 hakuwaamini tena wanajeshi, akaunda kundi lake mwenyewe, Tonton Macoute. Jina hilo ni la zimwi la hadithi za watoto, linalowabeba watukutu kwenye gunia. Hebu fikiria: unatishwa nalo utotoni, kisha ukubwani linakugongea mlango usiku! Wengi walipelekwa gereza la Fort Dimanche, hawakurudi.

1964 akajifanya rais wa maisha. Mapema 1971, akiwa mgonjwa, katiba ikabadilishwa: umri wa kuwa rais ukashushwa kutoka miaka 40 hadi 18. Aprili akafa, mwanawe Jean-Claude akakalia kiti mpaka maandamano ya wananchi yalipomkimbiza Ufaransa, Februari 7, 1986. Mimi huo siuiti urithi, ni wizi wa nchi nzima. Kinachoniuma zaidi, alirejea Haiti 2011 na akafa 2014 kabla hajahukumiwa kwa mateso ya watu chini ya utawala wake.