Mashindano ya kuvua kwa kayaki: samaki hahesabiwi mpaka picha ikubalike

Mashindano ya kuvua besi, samaki wa ziwani na mtoni, kwa kayaki (mtumbwi mdogo mwembamba) nchini Marekani hayana mzani. Unamvua samaki, unamlaza juu ya ubao wa kupimia, unampiga picha, unamrudisha majini papo hapo, na picha inakwenda kwa waamuzi kupitia programu ya simu kama TourneyX. Wanaohesabiwa ni samaki watano walio warefu kuliko wengine uliovua siku hiyo, urefu wao ukijumlishwa. Watano wa inchi 18 kila mmoja, yaani karibu sentimita 46, wanatoa inchi 90, na katika maziwa mengi hiyo ni siku ya kujivunia. Ndivyo zinavyoendeshwa ligi za Kayak Bass Fishing na Hobie Bass Open Series, na ile ya Bassmaster iliyoanza mwaka 2020. Klabu nyingi za majimboni nazo hufuata utaratibu huo huo.

Samaki mwenyewe si mgeni kwetu. Besi wa mdomo mpana aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na aliyewahi kumvua pale anajua anavyoruka na kutikisa kichwa ili ateme ndoana. Waswahili waliohamia Kentucky, Iowa au Texas wanaweza kuingia mashindano haya bila kununua boti ya maelfu ya dola. Lakini kuna ufundi mmoja ambao hata mvuvi aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hajawahi kuuhitaji: kupiga picha ya samaki aliye hai, juu ya mapaja, ndani ya chombo kinachoyumba, kwa namna ambayo mwamuzi ambaye hakuwepo ataikubali. Wengi hujifunza mahali samaki walipo na chambo gani wanakipenda, kisha hupoteza inchi tano kwa picha mbovu.

Samaki akishaingia kwenye wavu, usimtoe. Mwache ndani ya wavu, wavu ukiwa umezama ubavuni mwa kayaki na mpini umeubana chini ya paja. Anapumua, anatulia, na mikono yako miwili iko huru. Hapo ndipo unaandaa. Kwanza tazama kayaki inaelekea wapi. Upepo ukiwa unakusukuma kwenye miti au kwenye njia ya boti, teremsha nanga au chomeka pondo kabla ya kufanya lolote. Chomoa ndoana samaki akiwa bado majini, rudisha fimbo kwenye kishikio chake, na ndoana uihifadhi mbali na wavu, maana chambo chenye ndoana za meno matatu kikinasa kwenye nyuzi utakaa dakika kumi ukifumua. Lowanisha ubao, uulaze juu ya mapaja. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa kikavu unachokiweka mahali pamoja siku zote. Fungua kamera. Vyote vikiwa tayari, ndipo samaki anatoka majini.

Ubao ulowe kwa sababu mbili. Ubao mkavu unamwondolea samaki ule ute unaomkinga na magonjwa. Tena ubao wa alumini uliokaa juani wakati wa kiangazi unachoma, na besi akiguswa na joto hilo hupiga mkia mara moja tu na kurudi majini, wewe ukibaki umeshika simu. Uzamishe kila mara, hata kama ulikuwa na samaki dakika tano zilizopita. Kumfunika jicho kwa kiganja chenye maji kwa sekunde chache pia humtuliza, ila mkono uondoke kabla ya picha.

Kichwa kinakaa kushoto, kwenye ukingo wa sifuri, yaani kizuizi kilichoinuka mwanzoni mwa ubao, tumbo likikuelekea wewe. Mdomo lazima uwe umefungwa na uguse ukingo. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika. Besi akibanwa kooni hupanua mdomo, na mvuvi anayeona samaki anataka kuruka humbana palepale. Weka kiganja nyuma ya kifuniko cha matamvua, sukuma mwili wote polepole kuelekea ukingoni mpaka taya lenyewe lijifunge, kisha legeza kidogo. Vidole visiingie chini ya kifuniko cha matamvua: vinamuumiza samaki, na waandaaji wengi hukataa picha ya namna hiyo. Kuhusu mkia, soma kanuni za mashindano husika, kwa kuwa wapo wanaoruhusu kuubana ncha zake pamoja na wapo wasioruhusu. Usidhani kanuni za wiki iliyopita ndizo za wiki hii.

Urefu husomwa kwa robo inchi, na hushushwa, haupandishwi. Mkia ukigusa mstari wa 17.25 umepata 17.25. Ukikosa kwa unene wa unywele, ni 17. Kwa hiyo simu iwe juu kabisa ya samaki, sambamba na ubao. Mkia hauko bapa juu ya ubao, umeinuka kidogo, na kamera ikiegemea upande wa mkia, ncha inaonekana fupi kuliko ilivyo. Ikiegemea upande wa kichwa inaonekana ndefu, na mwamuzi mzoefu anaujua mchezo huo. Wanaotumia ubao wa plastiki kama Hawg Trough hupaka mistari wino mweusi usiofutika, kwa sababu mistari isiyopakwa haionekani kwenye picha ya alfajiri. Ubao wa alumini wa Ketch una namba zinazosomeka vizuri, ila hurudisha mwanga wa jua kwenye lenzi. Geuza kayaki, au ujikingie mwanga kwa kiwiliwili chako. Hakikisha mapema ubao ulio nao umo kwenye orodha ya bao zinazokubaliwa. Wa kujitengenezea haukubaliwi.

Kitambulisho ni namba au neno linalotolewa jioni ya kuamkia mashindano au asubuhi yenyewe, nacho ndicho kinachothibitisha kwamba samaki amevuliwa siku hiyo. Lazima kionekane na kisomeke katika kila picha. Kiandike kwa wino usiofutika juu ya kadi isiyopenya maji, ukifunge kwa mpira kwenye kifundo cha mkono unaomshika samaki. Ukikifunga kwenye ubao, mkia mrefu unaweza kukifunika. Tengeneza kadi mbili, ya pili iwe kwenye mfuko wa laifu jaketi.

Piga picha tatu, si moja. Kabla hujamwachia, ikuze ya mwisho kwa vidole uangalie vitu vinne: mdomo umefungwa, mkia mzima umo, namba ya kitambulisho inasomeka, na samaki hajakatwa na ukingo wa picha. Kama kuna tone la maji kwenye lenzi litaonekana hapo. Samaki akianza kudhoofika mrudishe ndani ya wavu majini kwa dakika moja, kisha urudie. Kumwachia umshike taya la chini, kichwa kikitangulia majini, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Kumtupa ni ukatili, na klabu nyingine humwadhibu anayefanya hivyo.

Kuhusu kutuma picha, wavuvi hawakubaliani. Wapo wanaosubiri mchana ili wasipoteze muda. Kwa maoni yangu, palipo na mtandao tuma kila samaki mara tu unapomwachia, kwani simu ikizama inazama na samaki wako wote. Ifunge simu kwa kamba, na kasha lake liwe la kuelea. Pasipo na mtandao, picha zitunzwe kwenye simu, na siku ya mazoezi ujue ni ghuba gani au kilima gani kinachoshika mawimbi, ili usifike saa ya mwisho ukizunguka na simu mkononi. Programu ya kutafuta samaki, ramani na kamera vinamaliza chaji kabla ya saa sita mchana. Pawa benki ya mAh 10,000 iliyofungwa kwenye mfuko usiopenya maji inatosha. Usikate wala kuhariri picha, usizime huduma ya kuonyesha mahali ulipo kwenye mipangilio ya simu, na usifute chochote mpaka matokeo yatangazwe rasmi.

Saa nayo ina mtego wake. Kanuni zitasema 2:00 PM, ambayo kwetu ni saa nane mchana, na hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni mpaka wa majira, yaani mstari ambapo saa hubadilika kutoka kanda moja ya nchi hadi nyingine. Louisville iko majira ya mashariki, Ziwa Kentucky liko majira ya kati, nyuma kwa saa moja. Aliyevaa saa ya mkononi ambayo hakuirekebisha ataacha kuvua saa nzima kabla ya wenzake. Anayesafiri kuelekea mashariki atachelewa, na kuchelewa maana yake siku nzima imefutwa. Karibu na mpaka huo simu hushika mnara wa upande wa pili na kubadilika yenyewe. Weka saa kwa mkono usiku wa kuamkia mashindano.

Siku za mazoezi hutafuti samaki wa kumvua, unatafuta wanapouma. Pinda ncha ya ndoana kwa koleo au ikate, uhesabu tu mara ngapi mshipi unavutwa. Besi uliyemtoa majini Ijumaa anaweza kukataa kuuma Jumamosi. Ukishapata sehemu mbili au tatu zilizo ndani ya kilomita tatu kutoka unapoteremshia kayaki, zinatosha. Kayaki ya pedali huenda kama kilomita 5 kwa saa ukitaka kufika na nguvu, na kila dakika ya kusafiri chambo chako hakiko majini. Upepo ukitabiriwa, anza asubuhi kwa kwenda joshini, yaani upepo unakotokea, ili mchana ukiwa umechoka ukusukume kurudi.

Kuhusu kayaki yenyewe nitasema machache. Pedali za mapezi hujilaza chini ya kayaki zikikutana na majani. Za rafadha hurudi nyuma kwa urahisi lakini hunasa majani. Ziwa lenye nyasi nyingi linataka za kwanza. Fimbo nne zinatosha: moja ya chambo cha juu ya maji, moja ya kuvuta kwa kasi, na mbili za minyoo ya plastiki, mmoja mzito na mmoja mwepesi. Wenye fimbo nane hutumia siku kufumua mishipi. Kila kitu kisichoelea kifungwe, na usifunge nanga ubavuni. Mkondo au wimbi likiivuta kamba hiyo kayaki inapinduka. Kamba itoke omo (mbele) au tezi (nyuma), na kisu kiwe karibu.

Samaki watano wakishatimia, hesabu inabadilika. Anayehitajika sasa ni yule anayemzidi mfupi wako. Kama mfupi wako ni inchi 15, wa 14.5 hana kazi: mwachie akiwa majini, usimpige picha. Kila picha inakula dakika mbili au tatu. Wengi huendelea kupiga picha samaki wadogo kwa furaha, huku saa mbili za mwisho, zinazofaa kwa chambo kikubwa na subira, zikiisha.

Laifu jaketi haivuliwi kuanzia kayaki inapogusa maji mpaka inapotoka, hata joto likiwa kali. Ukionekana bila hiyo unaondolewa. Kabla ya jua kuchomoza washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, na bendera iwe juu ya kichwa chako. Mashindano mengi ya mapema huwa Machi na Aprili, na hapo hewa hudanganya: nje kuna joto la kutembea na fulana huku maji yakiwa bado ya baridi kali. Vaa kwa kufuata maji, si hewa. Ukitumbukia kwenye maji yanayokaribia kuganda una dakika 1 ya kuidhibiti pumzi, dakika kama 10 za mikono na miguu kukutii, na karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Zoea kuipindua kayaki na kuipanda tena kwenye maji ya uvuguvugu, ukiwa na mwenzako, kabla ya msimu. Kwenye Ziwa Kentucky na mto Tennessee kwa jumla, kaa nje ya mkondo uliowekewa maboya: misafara ya matishari hupita hapo, na nahodha wake hawezi kusimama hata akikuona.

Leseni ya uvuvi ya jimbo ni tofauti na ada ya mashindano. Ya Kentucky huisha mwisho wa Februari, siyo Desemba, na anayekuja na ya mwaka uliopita mwezi Machi hana leseni.

Usiku kabla ya siku yako ya kwanza, keti kwenye kiti cha chini jikoni, taa umezipunguza, ubao juu ya mapaja, mikono imelowa. Chukua chupa ya plastiki iliyojaa maji, yenye urefu kama wa besi, uifanyie yote: kitambulisho, ukingo, simu juu, picha tatu, kukuza, kuangalia. Rudia mara ishirini mpaka inakuchukua chini ya dakika moja. Na kesho yake mwamuzi akiikataa picha au akikupunguzia robo inchi, utapata muda mfupi wa kukata rufaa, nao huandikwa kwenye kanuni. Andika kwa adabu, bila hasira, uambatanishe zile picha mbili nyingine za samaki huyo huyo.