Jibu: jani la juu limejuaje?

Uliuliza kwa nini kiwavi akitafuna jani la chini la mnyanya, majani ya juu yasiyoguswa nayo huanza kujihami.

Kazi hiyo ni ya asidi ya jasmoniki. Seli zikichanika, homoni hii hutengenezwa ndani ya dakika chache kutokana na mafuta ya utando wa kloroplasti, kisha huunganishwa na asidi amino ya isolusini. Muungano huo hushika kipokezi COI1 (protini ya seli inayonasa ishara ya homoni), na protini za JAZ, ambazo muda wote zilikuwa zimeikandamiza protini nyingine iitwayo MYC2, huvunjwa. MYC2 ikiachiwa huwasha jeni za ulinzi. Saa kadhaa baadaye jani lina vizuizi vya vimeng'enya: kiwavi anakula, protini haimeng'enywi vizuri, anadumaa.

Kuhusu umbali, majaribio ya kubebesha (kuunganisha sehemu ya juu ya mmea mmoja kwenye shina la mwingine) minyanya yenye kasoro za jeni yalionyesha kitu kizuri: jani lililojeruhiwa lazima liweze kutengeneza jasmoniki, la juu lazima liweze kuitambua.

Usikimbilie kununua jasmoniki dukani na kuinyunyizia mimea yako, maana mmea hupunguza kukua. Tena inzi weupe wakishauvamia, huchochea asidi ya salisiliki, homoni nyingine ya ulinzi, nayo huizima njia hii.