Kijana wa Pemba anashinda mbio za mita 5000 kila mwaka, aache skuli aende kambini? (jibu refu)

Asalaam alaykum wadau. Sheikh umeuliza kuhusu kijana wa dada yako, yuko fom thrii huko Chake, 5000 anachukua yeye kila mwaka, na sasa mtaa mzima unamwambia aache skuli ahamie Arusha akakae kambi ya wakimbiaji, wengine wanakwambia Marekani watamchukua tu. Mie njia hiyo nimepita, nimekimbia Pemba, nikaenda UMISSETA, yale mashindano ya skuli za sekondari, halafu chuo Marekani kwa skolashipu ya mbio, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika marefu.

Skuli asiache, na akiacha hiyo Marekani ndio aisahau kabisa, maana kule wanaanza na cheti chako cha fom foo na Kiingereza chako, mbio zinafuata.

Joto la watu nalielewa. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025, 2:09:48, kamzidi yule Mjerumani kwenye utepe kwa sehemu ya sekunde, kila mtoto anayejua kukimbia anaambiwa kambini kambini. Lakini Simbu kachukua ile dhahabu ana miaka 33 bwana, marathoni ni kazi ya watu wazima. Kwa mtoto wa skuli mie namtazama Nyambui. Suleiman Nyambui alikwenda chuo cha Texas pale El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani mara 4 mfululizo, 1979 mpaka 1982, na katikati yake akapita Moscow 1980 akatuletea fedha ya Olimpiki ya 5000. Yaani mwanafunzi! Tofauti ni kwamba yeye aliingia chuo keshakuwa mtu mzima na siku hizi hiyo ngumu, ukimaliza skuli ukakaa mtaani miaka unashindana mashindano rasmi wanaweza kukupunguzia misimu yako ya kukimbilia chuo, na misimu yenyewe ni michache tu. Sasa hapo hebu fikiria huyo kijana akae kambini miaka mitatu bila cheti halafu ndio aombe chuo.

Tatizo letu huku visiwani tunahesabu nafasi. Wa kwanza wilaya, wa kwanza mkoa, basi bingwa, anabebwa. Kocha wa Marekani hiyo Chake haijui na haimhusu, anachouliza ni 5000 umekimbia dakika ngapi, lini, uwanja gani na saa kapiga nani. Mie nilikuwa nawazidi watu raundi nzima lakini muda wa maana sina, muda wangu wote ulikuwa wa simu ya maalim. Kuna siku kwenye mashindano msimamizi wa raundi yuko kwenye stori zake na mtu, 5000 ni raundi kumi na mbili na nusu, mie nimeshazimaliza nashangaa kengele ndio kwanza inalia, nikaona nikisimama wataniambia sikumaliza, nikaendelea, watu jukwaani wanacheka wanapiga makofi, na muda ulioandikwa kwenye karatasi ndio huo wa raundi kumi na tatu na nusu. Nenda kamwelezee kocha wa Marekani hiyo!

Kwa hiyo hiyo nauli ya Arusha itumieni kumpeleka mashindano ya taifa yenye saa ya umeme na matokeo yanayotoka kwa jina lake, iwe Dar iwe Arusha. Mie ningechagua Dar, maana uwanja wa Arusha, Sheikh Amri Abeid, uko juu sana, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mtoto wa pwani akishuka tu kwenye basi akaingia kukimbia 5000 pumzi itamkataa na muda utatoka mbaya bure. Makadirio yangu mie, mvulana akiwa karibu na dakika 14:30 kwa 5000 vyuo vikubwa wanaanza kujibu email, akiwa kwenye dakika 15 na sekunde chache kuna vyuo vya miaka miwili vinamchukua, mie nilianzia huko, Kansas, upepo mtupu na baridi ya kuua. Akiwa 16 bado, aendelee na vilima vyake vya kwenda Wete, vile vilima ni dawa.

Kitu kingine, hizi mbio za barabarani zenye bahasha. Awe makini sana. Zawadi ikizidi gharama zake za kushiriki inaweza kumletea maswali ya uridhaa kule, yaani kama anakimbia kwa kulipwa, na kanuni zenyewe zinabadilika badilika, kwa hiyo kabla hajapokea kitu aulize kocha anayewasiliana naye.

Halafu mumtayarishe kichwa. Kule ubingwa wako unaisha siku ya kwanza. Mbio za nyika wanakimbia saba kwa timu, wanaohesabiwa ni watano wa mwanzo, nafasi zao zinajumlishwa na timu yenye jumla ndogo ndio inashinda. Jumla ndogo kuliko zote ni 15, na El Paso mwaka 1981 walipata 17 kwenye fainali ya taifa, timu imejaa Waafrika. Mie mbio yangu ya mwanzo nilikuwa wa arobaini na kitu, nimezoea kuwa mbele peke yangu natamani ardhi ipasuke, kocha ananikimbilia pembeni anapiga kelele wewe ni wa tano, wewe ni wa tano, pitaaa! Kila mtu niliyempita pale mwisho ni pointi ya timu. Baada ya hapo nilikimbia tofauti kabisa.

Dini msiwe na wasiwasi nayo. Ramadhani ilipoangukia msimu wa viwanjani kocha alinipa ufunguo wa uwanja, nafuturu tende na maji na kipande cha mkate, naswali, saa tatu usiku napiga mita 1000 zangu peke yangu taa imewashwa moja.

Olimpiki sikufika, niseme wazi, na wengi niliokuwa nao hawakufika, ila degree ya uhasibu ninayo na ndio inayonilisha hapa mjini. Vyuo vikubwa vilivyoingia utaratibu mpya wa 2025 vina kikomo cha wakimbiaji 17 kwa timu ya nyika, kwa hiyo nafasi zimebana, kocha hataki mtu wa kubahatisha.

Niwekee hapa muda wake wa 1500 na 5000, saa imepigwa na nani, na matokeo yake ya fom tuu. Kiingereza akianze leo.