Jibu: Gesi joto ya kiwanda kidogo cha mala, kutoka Njoro hadi Kisumu

Ndugu, umeuliza jinsi kikundi chenu cha Njoro kitakavyohesabu gesi joto (gesi zinazoongeza joto la dunia) inayotokana na nishati mnayotumia. Mnakusanya maziwa, mnatengeneza mala (maziwa mgando), mnayapeleka Kisumu kwa lori, na mfadhili anataka kiasi cha kila lita. Umesema pia mmeshaamua kwamba lori ndilo tatizo. Msikimbilie huko. Kwa kiwanda cha namna yenu, moto wa kuchemshia maziwa mara nyingi hulipita lori kwa mbali.

Kwanza wekeni mipaka: kutoka mkulima anapokabidhi maziwa hadi mala yanapofika dukani Kisumu. Methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe ni nyingi kuliko gesi ya nishati hii yote, lakini si swali mliloulizwa. Andikeni waziwazi kwenye ripoti kwamba imeachwa nje. Kisha gawanyeni jumla kwa lita zilizouzwa, si zilizochemshwa. Zikitoka lita 2,000 na 200 zikaharibika njiani, kigawanyo ni 1,800.

Sasa kuni. Kupasha lita 500 za maziwa kutoka nyuzi 4 hadi 85 kunahitaji takriban megajuli 164 (megajuli ni kipimo cha nishati). Kuni zilizokauka vizuri zina megajuli 15 hivi kwa kilo. Boila iliyojengwa vizuri hufikisha kama asilimia 60 ya joto hilo kwenye maziwa, kwa hiyo itakula kilo 18. Sufuria kubwa juu ya mawe hufikisha asilimia 15, nayo itakula kilo 73. Kilo moja ya kuni hutoa takriban kilo 1.7 za hewa ukaa (CO2), kwa hiyo sufuria inatoa kilo 124, yaani robo kilo kwa kila lita ya mala. Kuni mbichi zina karibu nusu ya joto la kuni kavu, maana moto unafanya kazi ya kukausha maji kwanza. Mkaratusi uliopasuliwa ukakaa chini ya paa miezi kadhaa unapunguza mzigo wa kuni bila kununua mashine yoyote.

Wengi huandika sifuri kwenye kuni kwa hoja kwamba mti utaota tena. Hoja hiyo inasimama pale tu shamba la miti linapopandwa upya kwa kasi ile ile ya kukata, na mnaweza kulionyesha. Kuni za broka ambaye hamjui anakata wapi, hesabuni hewa ukaa yake yote. Na hata kuni za shamba lenu wenyewe hazifiki sifuri, kwa sababu moto unaofuka moshi hutoa methani, na methani huhesabiwa mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Msikadirie uzito kwa macho: pimeni mizigo kumi kwa mizani ya kuning'iniza, mchukue wastani.

Kuna kosa moja linalopoteza nishati mara mbili: kupoza maziwa hadi nyuzi 4 halafu kuyachemsha asubuhi ile ile. Maziwa yakifika yakiwa na nyuzi 30 na yakaenda moja kwa moja motoni, mnahitaji megajuli 111 badala ya 164, na kompresa ya tangi la baridi haijaguswa. Pozeni yale tu yatakayolala.

Stima ina gesi kidogo kuliko mnavyodhani. Kupoza lita 1,000 kutoka nyuzi 30 hadi 4 huchukua kama uniti (kWh) 12 hadi 15 kompresa ikiwa nzima na koili za nje zikiwa safi. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na sehemu kubwa ya mvuke huo iko Olkaria, hapo hapo kaunti ya Nakuru. Ukigawanya gesi yote kwa umeme wote uliozalishwa, uniti moja hutoka chini ya kilo 0.2 za hewa ukaa. Msichukue kizidisho (kilo za gesi kwa kila uniti) cha nchi ya makaa ya mawe, na msichukue kile cha miradi ya kuuza kaboni. Hicho huwa cha juu kwa sababu kinajibu swali tofauti. Someni uniti kwenye ujumbe wa tokeni, si shilingi, maana bei hubadilika.

Jenereta ni habari nyingine. Ya kVA 20 ikibeba robo ya uwezo wake hunywa karibu lita 2 kwa saa na kutoa uniti 4 tu, yaani kilo 1.35 kwa uniti, maana lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 za hewa ukaa. Ikibeba robo tatu, inashuka hadi karibu 0.9. Ikiachwa inanguruma saa kumi kwa ajili ya taa na pampu, ni lita 20 za dizeli, kilo 54, hata kama maziwa yalipozwa saa mbili tu. Iwasheni tangi na pampu vikiwa tayari kufanya kazi pamoja, kisha izimwe.

Lori: Njoro hadi Kisumu kupitia Kericho, kwenda na kurudi, wekeni kama kilomita 350. Likienda kilomita 6 kwa lita ni lita 58, mara 2.7 ni kilo 157, na kwa lita 2,000 za mala ni kilo 0.08 kwa lita. Ongezeni dizeli ya mashine ya baridi kama ina injini yake, takriban lita 2 kwa saa. Likienda nusu tupu, kiasi cha kila lita kinakaribia maradufu, kwa hiyo safari mbili zilizojaa ni bora kuliko tatu za kubahatisha. Bodaboda za kukusanya ni kidogo sana, ila ziandikwe: petroli ni kilo 2.3 kwa lita. Risiti ikikosa lita, gawanyeni shilingi kwa bei ya Nakuru ya mwezi huo iliyotangazwa na EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya.

Mwisho, gesi ya tangi la baridi. Si nishati, kwa hiyo ipewe mstari wake, lakini msiiache. R-404A, gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya mashine nyingi za baridi, huhesabiwa karibu mara 3,900 ya hewa ukaa. Kilo 2 zikivuja ni sawa na kuchoma lita 2,900 za dizeli. Fundi akija kujaza, apime mtungi wake kabla na baada, aandike kilo alizoongeza, kisha apake maji ya sabuni kwenye maungio yote kabla ya kuondoka. Akijaza bila kuziba panapovuja, mtamwita tena mwezi ujao kwa kiasi kile kile.