Sikuwahi kukanyaga Shakahola, mbona silali?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mhariri wa video katika kituo kimoja cha televisheni, Nairobi. Mwaka 2023 picha za Shakahola, ule msitu wa Kilifi ulikofukuliwa miili ya waumini waliofunga hadi kufa, zilipitia mezani kwangu, na mwaka uliofuata zikaja za maandamano ya Juni. Siku hizi nasikia koleo likichimba hata nikiwa kwenye matatu. Usiku naamka kuangalia kama mwanangu anapumua. Mke wangu simwambii kitu, sasa anashuku nina mpango wa kando. Wenzangu waliokwenda Kilifi waliletewa mshauri nasaha. Mimi naona haya kumwendea, maana nilikuwa ofisini nikinywa chai. Je, najidekeza?*

Marahaba mwanangu. Hujidekezi hata kidogo, na hiyo haya yako inanitia hofu kuliko huko kukosa usingizi.

Mpiga picha aliona kaburi likifukuliwa, kisha akageuka, akavuta hewa, akaongea na mwenzake. Wewe ulirudisha nyuma palepale, tena na tena, ukitafuta sekunde chache zinazofaa taarifa ya saa moja. Mtoto ambaye sisi watazamaji hatukuonyeshwa, wewe ulimtazama hadi mwisho ndipo ukamwondoa kwenye video.

Madaktari wanalijua jambo hili. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kutazama picha tu, mradi kuzitazama ni sehemu ya kazi yake. Mwaka uliofuata Anthony Feinstein, daktari wa akili wa Toronto, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanahabari wanaochambua video za ukatili bila kutoka ofisini. Waligundua kwamba kinachoumiza zaidi ni kuzirudia mara kwa mara, kuliko wingi wa saa za kila mkao.

Kwa hiyo kesho zima sauti. Koleo hilo liliingia kupitia masikioni, na sehemu kubwa ya uhariri wako haihitaji kulisikia. Tazama kwenye dirisha dogo la skrini, funika nyuso usizozihitaji, na uandike dakika zenye maiti ili wewe na wa zamu inayofuata msizirudie bure.

Kisha mwone mkuu wako. Mwombe picha za aina hiyo zigawanywe kwa zamu, na mshauri aitiwe pia wanaokata picha. Chumba cha habari kinachomkumbuka aliyeshika kamera na kumsahau mhariri kimefanya kazi nusu. Daktari akiona unahitaji kupumzika, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti chake.

Mkeo naye ana haki ya kujua. Si lazima umsimulie ulichokiona. Mwambie tu kwamba kazi imekuingia mwilini, na kwamba ukiamka usiku unakwenda kwa mtoto. Mkeo anateseka kwa jambo ambalo halipo, na wewe unamkosa mtu wa kwanza wa kukusaidia.

Mwone mshauri wiki hii. Na ikitokea ukawaza kujidhuru, usingoje miadi: mwamshe mkeo, mwende hospitali usiku huohuo.