Maswali na majibu: Dua Lipa ameiacha disko?

Tangu Dua Lipa, mwimbaji wa pop wa Uingereza, atoe albamu yake Radical Optimism tarehe 3 Mei 2024, maswali yamenifikia kutoka kila pembe ya Mombasa na viunga vyake, Likoni mpaka Mtwapa, na mengi yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona hasikiki kama tulivyomzoea? Nimechagua machache niyajibu hapa. Albamu hii naipenda. Ipo sehemu naona haikufika ilikotuahidi, na hiyo pia nitaisema.

Future Nostalgia, albamu yake iliyotangulia, niliipiga mpaka majirani wakazijua nyimbo zote. Hii mpya nimeisikiliza mara mbili, nikaiweka kando. Kwa nini aiache disko iliyompa jina? (Msomaji, Tudor)

Ndugu yangu, disko ile alikuwa ameikamua mpaka tone la mwisho. Future Nostalgia ilitoka tarehe 27 Machi 2020, dunia imefungiwa majumbani na watu wanacheza sebuleni peke yao. Mwaka uliofuata ikampa Grammy ya albamu bora ya pop. Ikaja "Cold Heart" na Elton John mwaka 2021, halafu "Dance the Night" ya filamu ya Barbie mwaka 2023. Muda wote huo fomula ilikuwa ileile: ngoma ya mguu inagonga kila pigo, gitaa la besi linarukaruka, fidla zinapanda juu kiitikio kikikaribia. Angetoa albamu nyingine ya namna hiyo, barua yako ingeuliza kwa nini anajirudia.

Safari hii aliwaita Kevin Parker, yule Mwaustralia mwenye mradi wa muziki uitwao Tame Impala, na Danny L Harle, produsa Mwingereza wa muziki wa elektroniki. Mkono wa hawa wawili utausikia kwanza kwenye ngoma. Chukua "Training Season", uvae spika za masikioni. Inaanza sauti yake karibu peke yake, anahoji kama anayemtazama mtu usoni, ala zimejificha nyuma. Kisha ngoma zinaingia kwa kishindo, na utasikia chumba: matoazi yanamwagika, ngozi ya ngoma ina mkwaruzo, si ule mlio uliokatwa kwa wembe wa "Don't Start Now" ya Future Nostalgia. Besi nayo haikutoka, imeshuka chini na kunenepa. Kwenye spika ya simu iliyolazwa mezani nusu ya kazi hiyo inapotea, na nadhani ndiyo maana ulichoka baada ya mara mbili.

Ipe mara ya tatu, lakini ruka "End of an Era" uanze na "Houdini".

Kabla albamu haijatoka Dua Lipa alisema ni saikedelia (muziki unaoelea kama ndoto) na roki ya Uingereza ya miaka ya 1990. Mimi sisikii kitu. Au masikio yangu yana kasoro? (Msomaji, Nyali)

Masikio yako ni mazima. Kwenye mahojiano aliwataja Massive Attack na Primal Scream, bendi za Uingereza, na anayezijua kazi za watu hao anajua kwamba uzuri wao ni kuuacha wimbo utangetange. Mdundo unazungushwa, sauti inazama, inaibuka, dakika sita zinapita bila haraka ya kufika kiitikioni. Dua Lipa hana subira hiyo. Albamu nzima ni nyimbo 11 na dakika kama 36, na kila wimbo unakimbilia kiitikio kama basi linaloondoka. "Anything for Love" unaanza na piano, unageuka kuwa wa kucheza, na kabla hujatulia umekwisha. Hapo ndipo ninapomlaumu. Alikuwa na Kevin Parker studioni, mtu ambaye kazi yake yote ni kuufanya wimbo uelee, akamtumia kwa rangi badala ya kumwachia usukani.

Magitaa ya kawaida ni mengi, hilo halina ubishi. "Maria", "These Walls" na "French Exit" zote zimekaa juu ya gitaa lisilo la umeme. Lakini hiyo ni pop ya jua la asubuhi. Saikedelia ni jambo jingine.

Kaka, mimi ni DJ, nachezesha harusi na sherehe huku Bamburi. Nikiweka nyimbo mpya watu wanakaa. Nizitumieje? (Msomaji, Bamburi)

Usizirundike pamoja, na usizifungulie ukumbi. Tazama mwendo: "Levitating" ina mapigo 103 kwa dakika, "Houdini" 117, "Don't Start Now" 124. Hiyo ni ngazi tayari. Anza na "Levitating", kwa sababu kila mtu ataiimba, wakishasimama ingiza "Houdini" besi ikiwa juu, malizia na "Don't Start Now". Katikati unaweza kutia "Illusion", ambayo ina hausi (house, muziki wa klabu) ndani yake na haitawashtua. "Falling Forever" iweke mbali na harusi. Ni wimbo wa kupiga ukelele kwa mikono miwili hewani, unafaa uwanjani.

Mwanangu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha tatu na nyimbo hizi ndizo zake asubuhi na jioni. Kizungu chake kinanipita. Anaimba nini huyu? (Mama msomaji, Kibokoni)

Salaam, mama yangu. Ni mapenzi ya watu wazima, sitakuficha. "Houdini" amechukua jina la mwanamazingaombwe wa Marekani aliyesifika kwa kujifungua minyororo, na maana yake ni: nishike sasa, la sivyo nitatoweka. Ukae na binti muizungumze, si lazima umzimie redio.

Ila kuna nyimbo mbili ningependa uzijue, kwa sababu sisi tuliolelewa na taarabu tutazisikia tofauti na msikilizaji wa London. "Maria" anamwimbia mwanamke aliyekuwa na mpenzi wake kabla yake. Huku kwetu tunajua wimbo wa namna hiyo unavyokwenda: mwenzio anapigwa kijembe, anaambiwa ameachwa, ukumbi unashangilia, anayeguswa anaondoka kabla ya keki. Dua Lipa anafanya kinyume. Anamshukuru. Anasema mwanamume huyu ni mwema kwa sababu ya yale aliyofunzwa na yule wa kwanza. Na wimbo wa mwisho, "Happy for You", anaona picha ya aliyekuwa wake akiwa na mwingine, anajichunguza moyoni akitafuta wivu, anakuta furaha. Umri wa kidato cha tatu ni umri wa kuachwa mara ya kwanza, na mtoto akijifunza kuachwa bila kutukana si haba.

Ninachokikosa ni fumbo. Maneno yake ni mepesi mno, yamenyooka, hayamwachii msikilizaji cha kutafuna. Ukitazama majina ya watunzi utaona sababu. Yumo Caroline Ailin, aliyeshiriki kutunga "New Rules" ya mwaka 2017 na "Don't Start Now" pia. Ala zimebadilika, kalamu ni ileile. Ndiyo maana watu wengine wanaona amebadilika sana na wengine hawaoni badiliko lolote, na wote wamesikia sawa.

Wanamuziki wa pwani wakibadilisha mahadhi mnawasema wamepotea. Mzungu akibadilisha mnaandika makala. Haki iko wapi? (Mzee msomaji, Majengo)

Mzee wangu, hili ndilo swali lililonikalisha chini muda mrefu kuliko yote, na lawama yako ni ya haki kwa wengi wetu tunaoandika.

Kwanza historia iko upande wako. Hakuna mji uliobadilisha sauti yake mara nyingi kama huu. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na walikuwepo waliosema hiyo si taarabu. Zuhura Swaleh akaileta mbele tashkota, ile ala ya Kijapani ya nyuzi na vitufe iliyotufikia kwa njia ya Bara Hindi, akaichanganya na mwendo wa chakacha mpaka leo huwezi kuifikiria taarabu ya Mombasa bila ule mlio unaochonga. Miaka ya 1980 Mombasa Roots wakaichukua chakacha, ngoma ya wanawake harusini, wakaitia gitaa la besi la umeme na ngoma za kukanyaga, wakaiita "Disco Chakacha" bila haya, na hoteli za pwani nzima zikacheza. Hiyo ilikuwa pop ya kucheza kabla hatujaijua kwa jina hilo.

Sasa tazama alichofanya Juma Bhalo ukilinganisha na huyu binti wa London, mwenye wazazi Waalbania wa Kosovo. Mahadhi aliyatoa Bombay, lakini maneno mengi yalitoka kwa binamu yake Ahmad Nassir, malenga mwenyewe wa Mvita, kwa Kimvita cha ndani kabisa, chenye vina na mizani. Mdundo ulisafiri, maneno yakabaki nyumbani. Dua Lipa naye kasafirisha mdundo akabakisha kalamu. Tofauti ni kwamba kalamu ya Bhalo ilikuwa na uzito wa kushikilia wimbo usipeperuke hata mahadhi yakiwa ya ugenini. Nikiwapima wawili hao kwa kipimo hicho kimoja, Bhalo anashinda, na sisemi hivyo kwa sababu ni wetu.

Kwa hiyo nakubaliana nawe. Kijana wa Changamwe akiweka dumbaki juu ya mdundo wa kompyuta, aulizwe maswali yaleyale ninayomuuliza Dua Lipa: ngoma zinapumua? maneno yanashika? Akijibu vizuri, apewe ukurasa mzima. Mwenye wimbo wa namna hiyo anitumie, nitausikiliza na kuuandikia.

Je, badiliko hili limemgharimu soko? (Msomaji, Mikindani)

Mwanzoni la. Ilishika nambari moja kwenye orodha ya albamu Uingereza na ya pili Marekani, juu kuliko Future Nostalgia ilivyowahi kufika kule Marekani. Mwezi wa Juni mwaka huohuo 2024 akapanda jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza, kama msanii mkuu wa usiku. Ambacho hakijatokea ni wimbo mmoja wa kuganda hewani mwaka mzima kama "Levitating". Nadhani hilo ndilo linalomuuma.

Lile pezi la papa kwenye picha ya jalada lina maana gani? (Msomaji, Likoni)

Kutulia hatari inapokuzunguka. Kwetu papa ni kitoweo, kule ni hofu, na wazo lake ni mtu anayeelea kwenye bahari ileile alimo papa bila kupiga kelele. Jalada zuri. Nyimbo zenyewe hazina hatari nyingi kiasi hicho.

Simjui kabisa huyu, mimi ni wa Zein l'Abdin na udi wake. Nianzie wapi? (Msomaji, Old Town)

Usianze na albamu. Oktoba 2024 Dua Lipa aliimba Royal Albert Hall, London, akiwa na okestra nzima ya Heritage Orchestra, na rekodi yake ilitoka Desemba mwaka huo. Nyimbo nyingi ni hizihizi, ila mashine zimepungua, fidla na selo zimekaa pale palipokuwa na vinanda vya umeme, na yeye analazimika kuimba kweli bila pa kujificha. Mtu aliyezoea kusikia udi ukijibizana na sauti ataingia kwa mlango huo bila kusukumwa. Tafuta "Happy for You" ya usiku ule, uisikilize kwa spika nzuri. Ikikugusa, rudi kwenye ile ya studio ulinganishe ngoma zilivyopigwa. Isipokugusa, "Maria" nayo usiipotezee muda, rudi kwa Zein.