Gitaa Jipya Zuri: Angalia Unene wa Nyuzi Kabla ya Jina la Kampuni

Swali ninaloulizwa sana na watu walionunua gitaa la akustika la maana ni hili: nifunge nyuzi gani? Anayeuliza huwa tayari ana majina mawili matatu kichwani, D'Addario, Elixir, Martin, na anachotaka ni nimchagulie moja tu aende dukani. Mimi humrudishia maswali mawili. Gitaa lako lilitoka kiwandani na nyuzi za unene gani? Na wewe unalipiga vipi, kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki, au kwa vidole? Hayo mawili yakishajibiwa, kazi kubwa imekwisha.

Nazungumzia gitaa la nyuzi za chuma. Kama lako ni la kiklasiki, lile lenye shingo pana na nyuzi tatu za nailoni tupu, tafadhali usilifunge nyuzi za chuma hata muuzaji akikuapia kwamba zinaingia. Zitaingia, ndiyo. Lakini seti ya nailoni huvuta daraja, kile kipande cha mbao tumboni kinachoshikilia nyuzi, kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na seti ya chuma ya kawaida hukaribia kilo 75. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba hayo. Tumbo linafura, nyuzi zinapanda juu mpaka vidole vinauma, na mwishowe daraja linabanduka pamoja na vipande vya ubao. Nimeona magitaa ya kwaya yaliyoharibiwa hivyo, na kuyatengeneza ni gharama kuliko thamani yake.

Sasa namba. Wapiga gitaa hutaja seti kwa uzi wake wa kwanza, ule mwembamba kabisa. Seti ya 12 ni ile ambayo uzi wa kwanza una unene wa sehemu 12 kati ya 1,000 za inchi, kama milimita 0.30, na besi yake, yaani uzi mnene kabisa, kwa kawaida ni 53. Chini yake kuna ya 11 inayoishia 52, na ya 10 inayoishia 47. Juu yake kuna ya 13 inayoishia 56. Kwenye pakiti utakuta pia maneno kama "Light" na "Medium", lakini wewe soma namba, maana neno lile lile kwenye pakiti ya gitaa la umeme lina maana nyingine kabisa.

Kwa macho, uzi wa 12 na wa 13 huwezi kuutofautisha. Gitaa lenyewe linautofautisha vizuri sana. Seti ya 10 hulivuta kwa kilo 58 hivi, ya 12 kwa kilo 74, ya 13 kwa kilo 84. Kutoka 10 hadi 13, basi, umeongeza kilo zaidi ya 25, sawa na nusu ya mfuko wa saruji, juu ya ubao usiozidi milimita tatu. Mvuto huo ndio unaoutikisa ubao, na ubao ndio sauti. Nyuzi zikiwa nyepesi kupita kiasi, gitaa zuri husikika jembamba, na ukilipiga kwa nguvu nyuzi zinagongana na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Zikiwa nzito kupita kiasi, ubao unabanwa, sauti inakuwa ngumu, na mkono wa kushoto unachoka kabla ya ibada kufika katikati.

Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha unene. Aliyelitengeneza gitaa hilo alikata mifereji ya nyuzi pale kichwani, akapanga urefu wa daraja na kunyoosha shingo akiwa na unene fulani akilini. Tafuta jina kamili la modeli yako, mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi inayoonekana ndani ya tundu, kisha uangalie tovuti ya kampuni iliyolitengeneza. Mengi ya ukubwa wa wastani hutoka na 12. Yale yenye tumbo kubwa yanastahimili 13 bila shida. Yale madogo ya kukumbatia yanapendeza zaidi na 11 au 12.

Hapa kwetu Nairobi kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: gitaa ni jipya, lakini nyuzi zake ni za zamani. Limesafiri kwa meli, likakaa bohari, kisha likaning'inia ukutani miezi na miezi huku kila anayeingia dukani akilishika. Pitisha ukucha chini ya uzi wa tatu, karibu na freti ya pili. Ukisikia kijibonde, freti imeshautafuna. Kisha vuta tishu nyeupe juu ya nyuzi za besi kutoka darajani hadi kichwani, uitazame. Ikitoka na weusi, ile sauti uliyoisikia dukani haikuwa sauti ya gitaa lako. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye gitaa jipya ni kufunga seti mpya ya unene ule ule lililotoka nao kiwandani. Lisikie kwanza jinsi lilivyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliletewa na mjomba wake gitaa la Taylor kutoka Marekani, akataka kulirudisha kwa kuwa aliliona limepooza. Tulibadilisha nyuzi tu, tena za 12 kama zilizokuwamo. Siku hizi halimtoki mikononi.

Ukishalijua, ndipo uulize mkono wako. Anayecharaza kordi kwa piki, akiongoza watu kuimba bila spika, atanufaika na 12, na kama gitaa ni kubwa, 13. Anayedonoa kwa vidole ana hesabu tofauti, na hapa sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo tuna urithi wa kujivunia. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Katanga, kusini mwa Kongo, alikuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na gitaa moja likasikika kama mawili. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya alifanya vivyo hivyo na mtindo wake wa omutibo, gumba likitembea kwenye besi huku kidole cha shahada kikiimba juu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta kutoa mdundo. Fikiria kazi ambayo nyuzi zile zilikuwa zinafanya. Besi lazima ijibu haraka gumba linapoigonga, isilegee na kutetema ovyo. Uzi wa kwanza na wa pili lazima uwe na mwili wa kutosha kubeba wimbo juu ya kelele za chupa.

Kwa mtindo huo mimi nashikilia 12, na 11 kwenye gitaa dogo. Seti ya 10 siipendekezi kwa mtu anayetaka kudonoa hivyo. Vidole vitafurahi siku za mwanzo, lakini besi haitakuwepo.

Na kama unaanza na vidole vinauma? Kuna njia ambayo haikugharimu chochote. Acha seti ya 12, lakini tuni nyuzi zote nusu toni chini. Mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11, kwa hiyo ile ya kilo 74 inakuwa kama kilo 66, laini kabisa mkononi. Ukitaka kupiga na wenzako, weka kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote, freti ya kwanza na umerudi kwenye sauti yao. Ngozi ikikomaa, unapandisha taratibu. Naipenda njia hii kuliko kuwaambia watu wanunue nyuzi nyembamba, kwa sababu gitaa linabaki na sauti yake.

Madini sasa. Nyuzi mbili za kwanza ni chuma kitupu, kwa hiyo tofauti unayoilipia iko kwenye zile nne zilizozungushiwa waya. Aina mbili ndizo utakazokutana nazo kila duka. Ya kwanza ni 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki 20, iliyoanza miaka ya 1930 New York, John D'Addario akishirikiana na John D'Angelico, fundi mashuhuri wa magitaa. Sauti yake ni ya kung'aa, inakata hewa, lakini mng'ao huo hupotea mapema. Ya pili ni fosfa bronzi, shaba kama asilimia 92 na bati 8 pamoja na fosforasi kidogo mno, ambayo D'Addario waliileta kwa magitaa mwaka 1974. Hii ina joto zaidi, na inazeeka kwa upole.

Kwa gitaa jipya lenye ubao wa juu wa spruce, mimi huanza na fosfa bronzi. Ubao mpya bado ni mkavu wa sauti, una ukali fulani ambao kwa sikio langu hupungua kadiri unavyopigwa, na 80/20 juu yake inaongeza ukali juu ya ukali. Kama mgongo na mbavu ni za mbao ya rosewood na besi imezidi mpaka maneno ya mwimbaji yanafunikwa, hapo 80/20 ni dawa. Nyuzi za nikeli na za moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba, zipo pia, zina sauti kavu ya kizamani, lakini ziache mpaka uwe na sababu.

Suala la mipako linategemea jasho lako na unapoishi. Elixir, zinazotengenezwa na W. L. Gore, wenye kile kitambaa cha Gore-Tex kisichopitisha maji, zina utando mwembamba unaozuia jasho na uchafu kuingia kwenye mikunjo ya waya. Kampuni nyingine nazo zina za kwao. Bei ni karibu mara mbili ya zisizo na mipako. Ningekuwa Mombasa, kwenye joto na hewa ya chumvi, nisingebishana: ningenunua za mipako. Nairobi tuko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi na kavu zaidi, kwa hiyo tuna uhuru wa kuchagua. Kuna watu ambao jasho lao huzigeuza nyuzi kahawia ndani ya wiki, na hao wanajijua. Anayepiga Jumapili tu na hataki usumbufu, mipako inamfaa. Anayerekodi pia, kwa sababu vidole vikiteleza havitoi mlio mkali. Mimi hutumia zisizo na mipako kwa kuwa napenda kuusikia waya chini ya kidole, na nazipangusa kwa kitambaa cha pamba kila nikimaliza, juu na chini ya uzi. Kunawa mikono kabla ya kupiga, hasa ukitoka kwenye nyama choma, kunaongeza uhai wa nyuzi kuliko watu wanavyodhani.

Ununuapo, jihadhari na bandia. Zipo mjini na zipo mtandaoni, na D'Addario na Elixir huigwa sana kwa sababu ndizo zinazotafutwa. Chapa ya rangi iliyofifia, herufi zilizokosewa, pakiti isiyobana hewa, bei ya kushangaza, yote hayo ni ya kukufanya urudishe mkono mfukoni. Ndani ya pakiti za D'Addario kuna namba ya siri unayoweza kuithibitisha kwenye tovuti yao. Uzi bandia hujitambulisha haraka: hautuniki. Freti ya 12 inatoa noti isiyokubaliana na uzi ulioachwa wazi, hata gitaa likiwa zima. Ukipata duka linalouza uzi mmoja mmoja, chukua wa kwanza wa ziada, maana ndio unaokatika sana.

Katika kufunga, nataka usimamie jambo moja tu kwa makini. Kile kishikizo cha duara mwishoni mwa uzi kinapaswa kukaa kando ya pini inayobana uzi darajani, kikikamatia upande wa ndani wa daraja, kisikae kwenye ncha ya pini. Pinda kidogo mwisho wa uzi kabla ya kuuingiza, bonyeza pini huku unauvuta uzi juu polepole mpaka uhisi umekwama. Usipofanya hivyo, pini itaruka ukiwa unakaza, na ubao wa ndani utaanza kuliwa. Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine ili shingo isilegezwe yote kwa mara moja.

Ukiamua kupanda kutoka 12 hadi 13, au kushuka, ipe shingo siku chache kisha uipime. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, utazame nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Ikitosha kupitisha kadi ya biashara bila kuisukuma, uko salama. Ikizidi sana, au ikiwa hakuna nafasi kabisa, mpelekee fundi akunyooshee shingo. Na kama nyuzi zimeanza kutetema Januari au Februari bila wewe kubadilisha chochote, usizilaumu. Ubao umekauka na kuzama. Magitaa ya mbao halisi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kwa hiyo lifungie kwenye kasha lake na kifaa cha unyevu ndani, hasa likitoka Pwani kwa treni kuja huku juu.

Mwisho, nunua seti mbili za unene mmoja, moja ya fosfa bronzi na moja ya 80/20. Funga ya kwanza, iache itulie siku mbili tatu, kisha jirekodi kwa simu ukipiga wimbo mmoja, kwenye kiti kile kile, simu ikiwa mahali pale pale. Nyuzi zikichoka, funga ya pili, zipe siku zile zile za kutulia, kisha urudie. Mpe mtu mwingine asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Pakiti tupu ya ile atakayoichagua iandike tarehe uliyoifunga, uiweke ndani ya kasha.